Ghala, Bustani na Jiko: Hotuba ya Kamati ya Mapishi Mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Kwa desturi Kamati ya Mapishi haihutubu. Kazi yake ni kupika, kupakua na kuosha vyombo, na shukrani zake huziona katika sahani zinazorudi tupu. Lakini mwaka huu tumeomba kusema kabla ya chakula, kwa kuwa walioketi karibu na mlango wa uani wamekwisha kunusa, na minong'ono imeanza. Hapana harufu ya pilau. Naam, leo hakuna pilau. Katika masufuria mna pure ya mahindi na maharagwe, mna mchicha na majani ya kunde yaliyoungwa kwa tui la nazi, na mna muhogo. Kinywaji ni maji ya ndimu. Uamuzi huo ni wetu sisi, na lawama ikiwapo ni yetu. Twaomba mtusikilize kwanza, kisha mle, kisha mtuhukumu.

Sababu ya Kubadili Chakula

Mhazini amekwisha kuwasomea hesabu za mwaka, nanyi mmezipokea. Lakini hesabu husema ni kiasi gani kilichotoka. Hazisemi kwa nini mwenye kukopa alifika mlangoni. Sisi tulioombwa kusaidia kuyapanga maombi ya mikopo tumeona jambo ambalo haifai kulinyamazia. Sanduku la msaada lilianzishwa na wazee waliotutangulia kwa ajili ya mambo matatu: maziko, maradhi, na safari ya dharura ya kurudi nyumbani. Mwaka uliopita, maombi yaliyokuwa mengi kuliko yote hayakuwa ya lolote katika hayo matatu. Yalikuwa ya unga. Yalikuja baada ya tarehe 20 ya kila mwezi, na walioyaleta ni watu wenye kazi na mishahara, watu wa heshima, ambao walisimama mlangoni wakazungumza habari za mvua kwa muda mrefu kabla ya kuitaja shida yao. Hatuwacheki. Baadhi yetu tuliosimama mbele yenu sasa tumo katika orodha hiyo.

Mkopo wa maziko hurudi, kwa kuwa jamaa huchanga. Mkopo wa unga ni mgumu kurudi, kwa kuwa umekwisha kuliwa, na mwezi unaofuata nao una tarehe 20 yake.

Mnakumbuka karamu ya mkutano mkuu uliopita. Sisi ndio tulionunua mchele, mbuzi, samli na soda za siku ile, na tulisifiwa sana. Wiki mbili baadaye mjane wa mwenzetu mmoja alikuja kuomba nauli na malipo ya hospitali kwa ajili ya mtoto wake. Aliambiwa asubiri, maana sanduku lilikuwa tupu. Mungu ashukuriwe, mtoto alipona. Lakini fedha zilitoka kwa majirani, wala hazikutoka kwa chama ambacho marehemu baba yake alikilipia ada mpaka mwezi wa kufa kwake. Tangu siku hiyo sifa za pilau ile zimetuwia chungu.

Kwa hiyo tuliazimia kuchunguza ni kwa nini nyumba zenye mishahara hukosa unga. Hatukwenda kupekua vyungu vya watu. Tulianza na nyumba zetu wenyewe. Kwa muda wa miezi mitatu kila mmoja wetu aliandika katika daftari, kila jioni, alichonunua, alichopika na alichotupa. Ukurasa wa vitu vilivyotupwa ndio uliotufundisha zaidi.

Ghala

Mwenzetu mmoja wa Kamati hii aliletewa gunia la mahindi na mamake kutoka bara, kwa basi la usiku. Ulikuwa mwezi wa Mei, na mvua za Mombasa za mwezi huo mwazijua. Gunia liliwekwa juu ya saruji, likaegemezwa ukutani, likasahauliwa nyuma ya kabati huku nyumba ikiendelea kununua unga wa paketi dukani. Lilipofunguliwa mwezi wa Julai, mlikuwa na ukungu wa kijani na manjano, na mahindi yameshikana mabonge. Wiki ile ile bwana wa nyumba alikuwa amefika kwa mhazini kukopa fedha za unga. Mama mzee alikuwa ameyapalilia mahindi yale kwa mikono yake, na kuuza kuku ili kulipa nauli ya gunia.

Tulishauriana la kufanya. Mmoja alisema yaoshwe yaanikwe. Mwingine alisema yachanganywe na mazuri, yasagwe, hakuna atakayejua. Mwingine alisema wapewe kuku. Mwishowe tuliyazika, na mwenye gunia alilia.

Tuliyazika kwa sababu ukungu wa namna ile huweza kuzaa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo wengine huiita sumukuvu. Sumu hiyo huliharibu ini. Haiondoki kwa kupikwa wala kwa kuoshwa, na ng'ombe akilishwa mahindi hayo, sumu hupita katika maziwa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Hawakula chakula cha wizi wala cha kigeni. Wengi wao walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa na unyevu.

Wahenga walisema akiba haiozi. Twawaheshimu wahenga, lakini wao waliiweka akiba yao juu ya uchaga, karibu na moshi wa jiko, ikavuta ukavu. Akiba ya sakafuni huoza. Basi haya ndiyo tuliyojifunza juu ya ghala, nasi twayataja moja moja ili kila mtu aende nayo nyumbani.

La kwanza, mahindi yakauke kabla ya kufungiwa. Kipimo cha Kenya ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Asiye na chombo cha kupimia na afanye hivi: achukue chupa kavu ya kioo, atie konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu, atikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikishika ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji; yarudishwe juani, juu ya turubai, wala si juu ya udongo mtupu. Chumvi isiposhika, yamekaribia, lakini jua la siku moja zaidi halimdhuru mtu.

La pili, gunia lisiguse sakafu wala ukuta. Vipande vitatu vya mbao chini yake vyatosha.

La tatu, nafaka ichambuliwe. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa ziondolewe, kwa maana hizo ndizo ukungu uanziapo.

La nne, dhidi ya wadudu, bibi zetu walichanganya maharagwe na majivu makavu, na njia hiyo yafaa hata leo. Siku hizi ipo pia mifuko maalumu isiyopitisha hewa, ambayo humnyima dumuzi pumzi akafa bila dawa. Nyumba moja haihitaji mifuko mingi. Mmoja au miwili yatosha kwa chakula cha jamaa ya watu sita kwa muda mzuri.

La tano, kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Tuliona nyumba zenye dengu za mwaka juzi chini ya dengu za jana.

Bustani

Ghala pekee haitoshi. Nafaka na kunde kavu hushibisha, lakini mwili huhitaji majani na matunda. Katika madaftari yetu tuliona kuwa nyumba nyingi zilinunua mboga kila siku, kidogo kidogo, kwa bei ya kibandani, na nusu ya mafungu hayo ilinyauka kabla ya kupikwa. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Hapo wazee mtatuuliza: bustani katika chumba cha kupanga itatoka wapi? Tulijibu swali hilo kwa magunia. Gunia kuukuu hujazwa udongo uliochanganywa na samadi, na katikati yake husimamishwa nguzo ya kokoto ya kupitisha maji. Pembeni hutobolewa mashimo, na kila shimo hupandwa mche. Gunia moja lililowekwa penye jua, karibu na mlango, limelisha nyumba ya mwenzetu mmoja huko Likoni mboga za siku mbili tatu katika kila wiki. Hunyweshwa maji yaliyooshea mboga na mchele. Maji ya mtaro hayafai kamwe, kwa sababu ya maradhi.

Mchicha huwa tayari kuvunwa katika wiki tatu au nne. Majani ya kunde hali kadhalika. Na mkunde una fadhila ya pili, kwamba mizizi yake huurutubisha udongo. Mnavu na mgagani hukawia zaidi kidogo, lakini ukivikata kwa juu huchipua tena. Matembele, yaani majani ya viazi vitamu, hayahitaji hata mbegu. Kipande cha mtambaa chatosha. Mwenye kiwanja huko nyumbani na ajue majira yake: mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Mbegu zinunuliwe kabla ya mawingu.

Twataka kusema neno juu ya mboga hizi, kwa kuwa wapo wanaozidharau. Zamani za ukoloni tulizoeshwa kuona kuwa kabichi ni mboga ya mstaarabu, na mnavu ni gugu la kung'olewa. Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walichapisha uchunguzi wao juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai katika nchi hii. Katika mambo waliyoyaona ni kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani mabichi zaidi kuliko wanaume wao, ambao walitegemea nafaka na viazi. Orr huyo ndiye aliyekuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 1945. Basi kile alichosafiri kuja kukitazama kilikuwa katika vyungu vya nyanya zetu.

Katika zama zetu hizi Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, ametumia miaka mingi kuzichunguza na kuzitetea mboga za asili, na mwaka 2010 alitunukiwa na Umoja wa Afrika kwa kazi yake. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliandika katika orodha yake ya mifano mizuri juhudi za Kenya za kuvihifadhi vyakula vya asili. Wageni wanatusifu kwa mchicha na mgagani, ilhali sisi twaona haya kuviweka mbele ya mgeni.

Jambo la mwisho juu ya bustani ni kuhifadhi wakati wa wingi. Mvua zikinyesha, kunde hujaa sokoni Kongowea hata hazina mnunuzi. Majani yake yakitiwa katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, yakachujwa, yakaanikwa kivulini penye upepo, hudumu mpaka kiangazi. Kivuli ni bora kuliko jua kali, kwa sababu jua huiharibu vitamini A. Nyanya zikishuka bei zikatwe vipande vyembamba, zinyunyizwe chumvi, zianikwe chini ya chandarua zisiguswe na nzi. Maembe na ndimu vya wakati wa joto, Desemba na Januari, vitiwe achari. Kwa namna hiyo bustani huingia ghalani.

Jiko

Sasa twaja kwenye masufuria yaliyo uani. Pure, ambayo ndugu zetu wa Kikuyu huiita githeri, Wajaluo nyoyo, na jirani zetu wa Tanzania makande, ni chakula ambacho wengi wetu tulilishwa shuleni mpaka tukaapa kutokila tena. Twakiri kwamba kosa lilikuwa la mpishi. Lakini kitazameni chenyewe. Protini ya mahindi ina upungufu wa kitu kiitwacho laisini. Maharagwe yanayo kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Vikiliwa pamoja, kila kimoja hulipa deni la mwenzake. Mababu zetu hawakuyajua majina hayo, lakini waliyaweka katika chungu kimoja.

Namna ya kupika ni hii. Twaa sehemu mbili za mahindi makavu kwa sehemu moja ya maharagwe. Viloweke kila kimoja mbali, usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo, utie mengine. Mahindi yatangulie motoni, kwa kuwa hukawia, maharagwe yafuate. Maharagwe, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu kwa dakika 10 zisizopungua, kwani yakiwa mabichi yana sumu ya kuumiza tumbo. Chumvi itiwe yakiisha kuiva. Kisha kaanga kitunguu mpaka kiwe rangi ya dhahabu, tia nyanya na kitunguu saumu, na bizari kidogo ukipenda, umimine pure humo pamoja na maji yake kidogo, uache ichemke polepole mpaka mchuzi uwe mzito. Hapo ndipo wapishi wengi wa shule walipokosea: walidhani kuchemsha ndiko kupika.

Majani yaoshwe kabla ya kukatwa, yasikatwe kisha yakaoshwa, maana vitamini huenda na maji. Yapikwe kwa tui jepesi, na tui zito litiwe mwishoni. Tui si anasa tu. Mafuta yake huusaidia mwili kuipokea vitamini A iliyo katika majani. Ndimu nayo si pambo. Ikikamuliwa juu ya mboga au maharagwe wakati wa kula, husaidia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo. Chai hufanya kinyume cha hayo, basi isinywewe pamoja na chakula. Ingojee saa moja. Ndiyo sababu leo tumeleta maji ya ndimu, na chai itakuja baadaye.

Wako watakaosema kwamba maharagwe hula makaa. Ni kweli, na makaa ni ghali. Kuloweka hupunguza muda wa moto. Njia nyingine ni kikapu. Kikapu kikubwa hutandikwa blanketi kuukuu au majani makavu ya mgomba, pande zote na chini. Maharagwe yaliyolowekwa yakiisha kuchemka kwa nusu saa, sufuria hufunikwa vizuri, hutiwa kikapuni, huzibwa juu kwa mto, na huachwa kwa saa nne. Joto lililomo huendelea kupika bila kaa hata moja. Kabla ya kula, yachemshwe tena. Tumejaribu kwa miezi mitatu, na hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Katika joto letu la pwani, pure iliyobaki huchacha upesi. Ichemshwe jioni kabla ya kulala, na ichemshwe tena asubuhi. Kiporo kilichotunzwa vizuri ni kifungua kinywa cha mtu mwenye akili.

Watoto

Wazee wetu, lingekuwa jambo la fedha peke yake tusingewachelewesha hivi. Liko jambo kubwa kuliko sanduku. Katika miaka ya 1930 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu na uso, nywele zikawa nyekundu, ilhali matumbo yao yalikuwa yakijazwa uji wa mahindi kila siku. Aliutaja ugonjwa huo kwa jina la Kiga, kwashiorkor, ambalo maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa ziwani mdogo wake alipozaliwa. Mtoto yule alishiba, na bado mwili wake ulikuwa na njaa.

Njaa ya namna hiyo haijatoka kwetu. Uchunguzi wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, basi tumesogea mbele. Lakini katika Kilifi, ng'ambo tu ya daraja la Nyali na mwendo kidogo wa kaskazini, walikuwa 37, kiasi kikubwa kuliko kaunti zote. Wengi wetu tuna jamaa huko, na wengine wetu ndiko kwetu. Mtoto aliyedumaa hapotezi kimo tu. Hata darasani huachwa nyuma.

Kwa hiyo twawaomba wazazi: uji mweupe mtupu si chakula cha mtoto wa mwaka mmoja. Utiwe maharagwe yaliyopondwa, au njugu zilizosagwa, au dagaa waliokaushwa na kutwangwa. Majani yapondwe, yapewe mtoto pamoja na kijiko cha tui. Hivyo vyote havina bei ya nyama, na vyaweza kutoka katika ghala na gunia tulilolieleza.

Heshima

Twafahamu kuwa baadhi yenu mioyoni mwenu mnasema: haya ni mazuri, lakini mgeni hapewi maharagwe. Ni desturi njema kumkirimu mgeni, nasi hatukuja kuivunja. Lakini tuulizane, heshima ya mgeni imo katika nini? Tuliona katika madaftari yetu nyumba iliyompikia mgeni kuku siku ya Jumapili, na watoto wakanywa chai kavu kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Mgeni yule hakuambiwa. Lau angaliambiwa, chakula kile kingalimkwama kooni. Heshima inayolipwa na watoto si heshima, ni deni.

Chakula kilichochambuliwa, kikalowekwa, kikaungwa kwa mkono wenye subira, kikaletwa moto katika chombo safi, ni chakula cha mgeni, kiwe maharagwe au kiwe mbuzi. Nyama nayo si haramu kwetu. Siku ya harusi na ya sikukuu ina haki yake. Tunachokataa ni kuona haya kwa siku nyingine zote.

Nanyi mababa, twawaambia kwa adabu: mambo haya hayawezi kufanywa na akina mama peke yao. Mwanamume ndiye aghalabu anayepokea gunia kituoni, na ndiye anayejua mshahara ulio salia. Akijua kutikisa chupa ya chumvi, na akipanda gunia moja la mchicha, hatapungukiwa na uzee wake.

Maombi Yetu kwa Mkutano

Twaleta maombi matatu, nanyi mtayakubali au kuyakataa baada ya kula.

Ombi la kwanza ni kwamba chakula cha mkutano mkuu kiwe cha namna hii kila mwaka, na tofauti ya gharama itiwe katika sanduku la msaada, katika fungu la maradhi peke yake.

Ombi la pili ni kwamba wanachama wanaotaka waungane kununua maharagwe na mahindi kwa magunia, wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, wagawane kwa debe. Mtu mmoja hawezi gunia, kumi wanaweza. Atakayekuja na shida ya unga baada ya tarehe 20 apewe pishi kutoka ghala hiyo, arudishe pishi, na sanduku la fedha libaki kwa msiba.

Ombi la tatu ni kwamba kila mwanachama aendaye likizo nyumbani arudi na konzi ya mbegu za mboga za kwao, azilete kwetu, tuzigawe. Mgagani wa Nyanza, mnavu wa Magharibi, kunde za Ukambani na mchunga wa Wagiriama vyote vyaweza kuota katika magunia ya Changamwe.

Tumemaliza. Fedha za chakula tulizokabidhiwa mwaka huu ni sawa na zile za mwaka uliopita. Zilizobaki baada ya kununua kila kilicho uani tumezirudisha kwa mhazini asubuhi hii, na risiti zake. Tumemwomba asitaje kiasi chake sasa, ila akisome mbele yenu nyote baada ya chakula. Tulimwalika pia yule mama mjane, naye amekubali kuja. Yuko uani pamoja nasi. Ndiye aliyeziunga kunde mtakazozila.

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu, karibuni mnawe mikono.